Ilikwenda Wapi? Siku Nane Kutoka Vingunguti Hadi Mukuru

Jumapili: Mbezi hadi Nairobi

Basi limetoka stendi ya Magufuli saa kumi na moja alfajiri, na mpaka tunaipita Chalinze hakuna aliyefungua mdomo ila kwa miayo. Tuko wanne. Bwana Afya wa kata yetu, kijana wa shati lililonyooshwa, amebeba faili nene kana kwamba Nairobi kuna mtu atakayelikagua. Bi Mkubwa, mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ni rika la mama yangu na anapenda safari kuliko mimi. Wa tatu ni kijana tunayemwita Fundi. Wa nne ni mimi, katibu wa kamati ya afya ya mtaa, Vingunguti, mwenye nyumba ya vyumba sita na wapangaji watano.

Fundi ni chura. Kwa msiotoka Dar: vyura ni vijana wanaoingia shimoni kuzoa choo kilichojaa, kwa ndoo na koleo, kule kwenye vichochoro ambako gari la kunyonya majitaka halipiti. Mara nyingi usiku, mara nyingi baada ya kunywa kitu cha kuondoa harufu kichwani. Jina la chura halipendi, na sisi tumekubaliana kulisahau safari nzima.

Tunakwenda Mukuru, kusini-mashariki ya jiji la Nairobi, kwa wanachama wa Muungano wa Wanavijiji. Vikundi vya makazi yasiyopangwa vya nchi zetu vimezoea kutembeleana hivi. Unalala kwa mtu, unakula anachokula, unauliza mpaka unachosha. Bi Mkubwa alishangaa kwenye basi: “Wanavijiji tena? Si walisema ni Nairobi mjini?” Bwana Afya akamweleza kwamba kule kila kipande cha makazi kama yetu huitwa kijiji. Kwetu ni uswahilini tu.

Swali nililotumwa na kamati nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa wino mwekundu: Wenzetu wanamwajibishaje mtu choo chake kikijaa?

Machungwa Korogwe, nyama Mombo, vumbi Same, Kilimanjaro kajifunika. Namanga tumefika magharibi. Wakaomba kadi za homa ya manjano, na Bi Mkubwa akaitoa yake kifuani, ndani ya kitambaa, na ile ya pili ya mwaka wa zamani pia, kwa usalama. Nimebadilisha hela: shilingi moja yao ni kama ishirini zetu, hivi kwamba ukiambiwa bei unafurahi kwanza halafu unapiga hesabu. Nairobi saa nne usiku. Baridi.

Jumatatu: Kwa Reuben, Mukuru

Mwenyeji wangu anafua nguo za watu kwenye maghorofa ya jirani. Anaishi chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta za mabati, pazia katikati, watoto watatu upande wa pili. Ploti yao ina vyumba ishirini vilivyotazamana kwenye ujia ambao mimi na Bi Mkubwa hatuwezi kupishana. Mwisho wa ujia kuna milango miwili ya choo. Mmoja una kufuli. Wa pili umejaa, na nikisema umejaa nina maana hiyo hiyo, hauhitaji kuinama ili uone.

Kwa hiyo kunapopambazuka tunatoka na sandozi, mimi na yeye, kwenda choo cha kulipia barabarani. Shilingi kumi. Watoto wadogo hawapewi za choo kila mara. Wanamalizia ujiani, na mama anafagia. Kile cha kulipia hufungwa usiku, na tumbo halina saa. Usiku kuna ndoo nyuma ya pazia. Zamani, anasema, ulikuwa mfuko wa plastiki unaofungwa fundo na kurushwa gizani, atakayemwangukia shauri yake. Mifuko ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017. Ndoo ikabaki.

Nikaanza kazi niliyotumwa.

“Choo hiki ni cha nani?”

“Hiyo choo ni ya ploti.”

“Na ploti?”

“Ya landilodi.”

“Yuko wapi?”

Akacheka. Amekaa hapo miaka saba na hajawahi kumwona. Kodi anaituma kwa simu. Simu ni ya msimamizi wa ploti. Msimamizi akipigiwa kuhusu choo anasema atamwambia mwenye ploti, na hapo habari inaishia. Nikadhani nimefika mwisho wa uzi, kumbe bado. Mwenye ploti naye si mwenye ardhi. Yeye ana mabati na mbao tu. Ardhi yenyewe, sehemu kubwa ya Mukuru, iligawiwa watu binafsi na makampuni miaka ya themanini na tisini kwa ajili ya viwanda vidogo. Viwanda vingi havikujengwa, watu wakajenga vyumba, na hati ziko kwingine, nyingine zimewekwa rehani benki. Mamlaka ya maji ikiulizwa kwa nini haileti bomba la majitaka, jibu ni kwamba ardhi ni ya mtu.

Nimekaa nalo hilo mchana kutwa. Kwetu Vingunguti, na Dar nyingi ya uswahilini, mwenye nyumba analala chumba cha mbele. Wengine tuna leseni ya makazi, wengine karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, lakini tunajulikana kwa jina na kwa sauti. Choo kiko uani, kimoja, na mama mwenye nyumba anakijua kina chake. Hapa karibu kila mtu ni mpangaji. Ukitaka kumtoza faini mwenye choo, utaanza kwa kumtafuta.

Nilimwambia mwenyeji wangu hivyo, kwa majivuno kidogo. Akaniuliza, “Kwa hivyo kwenu zikijaa mwenye nyumba analipa gari?”

Fundi alikuwa ameegemea ukuta, anakunywa chai. Sikumtazama. Nikasema, “Wengi, ndiyo.”

Jumanne: vyoo vya bluu

Leo ni siku ya Fundi. Kulipopambazuka tulikuwa tumeshasimama na wazoaji wa Fresh Life, vile vyoo vya bluu ambavyo vipo Mukuru tangu mwaka 2011. Ni kijumba chembamba, kisafi. Ukichutama, mkojo unaingia tundu la mbele na haja kubwa inaingia la nyuma. Ukimaliza unamwagia maranda badala ya maji. Chini hakuna shimo. Kuna pipa lenye mfuniko, na siku ya zamu mzoaji analitoa kwa mlango wa nyuma, analifunga, anaweka tupu, anapakia mkokoteni. Mkokoteni unajua vichochoro, lori linasubiri barabarani.

Vijana wale wana buti, glavu, ovaroli na barakoa. Fundi alikagua kila kitu kama mnunuzi wa ng’ombe. Alipapasa glavu kwa ndani. Aliuliza zinabadilishwa lini, nani anazinunua, mtu akijikata analipwa na nani, wanachomwa sindano ya pepopunda au la. Bwana Afya alikuwa ameandaa maswali yake kwenye faili. Hayakufika nusu ya yale.

Nimemfahamu Fundi tangu anaanza kazi na sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Amefanya na koleo, amefanya na ile pampu ya mkono iitwayo Gulper, aliyoibuni Mwingereza Steven Sugden na ambayo Dar ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuijaribu. Pampu ni nzuri, aliwaeleza wenzake, husimami ndani ya choo, unasimama juu yake. Ila inanyonya uji tu. Kilicho chini kabisa kimeshikana kama udongo wa mfinyanzi, hakipandi. Halafu uswahilini choo ndiyo jalala: matambara, pedi, chupa, kiatu kimoja. Kitambaa kikikamata kwenye bomba kazi inasimama, unarudi kwenye mkono. Wale vijana wa Nairobi walicheka kwa uchungu. Kiatu kimoja, wakasema, huwa kimoja tu, cha pili sijui huwa wapi.

Tukaambiwa mapipa yanakopelekwa. Ni kiwandani, nje ya jiji, ambako kinyesi kinageuzwa mbolea, na kingine kinalishwa funza wa inzi weusi, na funza wale wanakaushwa kuwa chakula cha mifugo. Bi Mkubwa aliuliza mara mbili kama amesikia sawa. Fundi hakuuliza. Alisema kitu kimoja, polepole:

“Kwa hiyo ninyi mnajua inakokwenda.”

Isionekane nimerogwa. Huduma ile inalipiwa, na mwenye ploti akiacha kulipa, pipa linaacha kubadilishwa. Maji ya kuogea na kufulia hayaingii mle. Yanaendelea na safari yake mtaroni kama kawaida. Na ploti ya mwenyeji wangu haina choo cha bluu, kwa sababu ya kuamua ni yule asiyeonekana.

Jumatano: kaya kumi kumi

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa mabati wa kanisa. Wanawake wengi, wanaume wachache karibu na mlango. Hapa ndipo nilipojaza kurasa.

Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalum la mipango. Maana yake ni kwamba mahali hapa hapawezi kupangwa kwa vipimo vya mitaa ya matajiri, kwa sababu ukipima barabara kwa upana wa kisheria unabaki na barabara bila watu. Inabidi ipangwe kwa vipimo vyake, pamoja na wanaokaa. Ni zaidi ya kaya laki moja. Unawaulizaje watu wa kaya laki moja wanataka nini?

Waliwagawa kaya kumi kumi. Kila kumi ikatoa msemaji, wasemaji wakakutana, wakatoa wasemaji wa ngazi ya juu, mpaka mikutano ikawa ya watu wanaotosha ukumbini. Bwana Afya alishindwa kujizuia: “Si nyumba kumi hiyo!” Ukumbi ukaangua kicheko. Nyumba kumi ya enzi za TANU, mjumbe na kijitabu chake, Kenya waliichukua mwaka 2013 kwa ajili ya usalama, na watu wengi hawakuipenda, waliona ni jicho la serikali mlangoni. Hapa Mukuru kumi kumi ile ile ilitumika kuelekea juu. Sijui kama waliiazima kutoka kwetu au hesabu ya kumi ni ya Mungu tu.

Matokeo? Inategemea unamuuliza nani. Kuanzia 2020 barabara zenye mitaro zilianza kuingia, mabomba yakaanza kuingia. Halafu Oktoba 2021, Kwa Njenga, tingatinga zilibomoa makazi ya maelfu ya watu kupisha barabara, ndani ya eneo hilo hilo lililotangazwa maalum. Mama mmoja aliyelala nje na watoto wakati ule alisimama akaeleza, hakulia, alikaa. Kisha masika ya 2024 mto ulipofurika, waliobaki kandokando nao wakabomolewa kwa sababu ya mto. Nilitamani Bwana Afya aache kuandika kidogo.

Kijana mmoja, wa miaka ishirini hivi, alitusomea ibara ya 43 ya katiba yao ya 2010 kwa kichwa: kila mtu ana haki ya makazi yanayofaa na kiwango cha kuridhisha cha usafi, na haki ya maji safi na salama ya kutosha. Anaijua kama mtoto wa madrasa anavyoijua Fatiha. Bi Mkubwa akamuuliza, kwa heshima zote, kama ibara hiyo inanyonya choo.

“Hapana, shosho. Lakini inanionyesha mlango wa kugonga.”

Bi Mkubwa alitaka kujua kwanza shosho ni nini. Ni nyanya, bibi. Akaridhika na majibu yote mawili.

Baadaye, watu wakitawanyika, mama wa kikundi kimoja alinionyesha kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Daftari la kurasa mia mbili, jalada limefungwa karatasi ya gazeti. Kila ploti ya upande wao ina mstari: idadi ya vyumba, idadi ya watu, milango ya choo mingapi, inayofunguka mingapi, nani anashika ufunguo, namba ya msimamizi, mara ya mwisho kuzolewa. Hawana mamlaka ya kumfanya mtu lolote. Wanachofanya ni kubandika ukurasa kwenye mlango wa duka kila mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza wasimamizi waliuchana. Mara ya pili wapangaji walikuwa wameshaupiga picha kwa simu. Sasa ploti ikikaa miezi na nafasi tupu kwenye “mara ya mwisho”, wapangaji wake wanakwenda kwa msimamizi pamoja, vyumba vyote ishirini, badala ya mama mmoja mmoja mwenye aibu. Baadhi ya choo zimefunguliwa kufuli hivyo. Baadhi hazijafunguliwa.

Nililinakili kichwa cha jedwali lote. Fundi alikuwa anasoma juu ya bega langu. Akasema kuna safu imekosekana.

“Ipi?”

“Ilikwenda wapi.”

Alhamisi: Kibera

Kibera kila mgeni hupelekwa, nasi tumepelekwa. Nitasema machache. Wanubi, askari wa kikoloni, ndio waliopewa msitu ule zamani na kuuita kwa lugha yao Kibra, msitu. Reli inapita katikati na watu wanauza nyanya kando ya reli. Kwa miaka iliimbwa duniani kwamba wanakaa watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Bwana Afya, mtu wa takwimu, alisimama pale relini akasema kama idadi inaweza kupishana hivyo, basi idadi ya vyoo kwa watu ilikuwa inagawanywa kwa namba gani?

Kilichonishika ni mabomba. Shirika la SHOFCO limepitisha mabomba ya maji juu, kwenye nguzo, kama nyaya za umeme. Kwa kawaida mabomba ya plastiki hulazwa mtaroni, ndani ya majitaka. Maji yakiwa yanasukuma, sawa. Yakikatika, bomba tupu lenye ufa linafyonza kinachozunguka, na maji yakirudi, mtungi wa kwanza unakinywa. Fundi alilielewa kabla halijamalizika kuelezwa. Kwetu mabomba yako mtaroni vile vile, tena tuna visima vifupi hatua chache kutoka mashimoni, na maji ya ardhini ya Dar yako juu mpaka choo unakijenga kwa ngazi. Agosti 2015 kipindupindu kilipoanzia Kinondoni na kusambaa karibu nchi nzima, tulipewa vidonge vya klorini na mabango ya kunawa mikono. Sikumbuki mtu aliyekuja kupima umbali wa kisima na choo.

Tukapanda kituo cha vyoo chenye mtambo wa gesi, aina ile iliyoenezwa na shirika la Umande Trust: chini vyoo na bafu, ardhini kuba linalohifadhi kinyesi na gesi yake, juu jiko. Bi Mkubwa aliambiwa chai imechemshwa kwa gesi hiyo. Aliitazama. Akanywa vikombe viwili, akasema haina sukari ya kutosha.

Ijumaa: mvua

Imeanza saa saba usiku. Mvua juu ya mabati, mtu hasikii hata mawazo yake. Kwenye saa tisa ikapungua, na ndipo nikasikia sauti nyingine mwisho wa ujia. Chuma kikigonga saruji. Kikagonga tena, taratibu, kikatulia, halafu kitu kizito kikaanza kumiminika mtaroni.

Mwenyeji wangu akanong’ona gizani kwamba ni msimamizi, anafungua choo upande wa nyuma maji yachukue. Kila masika.

Sikuhitaji kuelezwa. Sauti ile naijua. Kwetu ina jina: kutapisha. Unangoja mvua kubwa, unatoboa ukuta wa shimo upande wa bonde, choo kinatapika, mvua inabeba. Asubuhi uko mwepesi, na chako kiko kwa watu wa chini. Mto Msimbazi unapokea bila kuuliza jina.

Nililala macho mpaka kukakucha. Kwa hiyo niandike hapa, maana daftari hili kamati italisoma. Masika ya mwaka juzi choo changu kilijaa. Gari liliniambia laki moja na ishirini, na lisingefika uani, ingebidi mpira mrefu, na mpira una bei yake. Wapangaji wawili walikuwa nyuma kodi. Nikamwita kijana, tukakubaliana elfu thelathini, saa nane usiku, mvua ikinyesha. Wiki hiyo watoto wa nyumba za bondeni waliharisha. Mitaro ilikuwa imebeba vya wengi usiku ule na hakuna anayeweza kusema kipi ni cha nani, na hilo ndilo nililojiambia. Wiki iliyofuata nilishika kalamu ya kamati nikaandika faini za watu watatu kwa kutapisha. Elfu hamsini hamsini. Walilipa.

Kijana niliyemwita ni Fundi.

Safari nzima hajasema neno. Jumatatu pale ukutani alikunywa chai yake.

Leo hatukutoka. Vichochoro vimekuwa uji. Mwenyeji wangu alifagia ujia kwa maji na dawa, akapika chapati na maharage, na mimi nikamsaidia kufagia, ndilo nililoweza.

Jumamosi: barabarani

Kitengela, Kajiado, twiga wawili ambao Bi Mkubwa pekee ndiye aliyewaona. Bwana Afya anaandika ripoti kwenye mapaja. Ana mpango wa kuwaita mamlaka ya maji kwenye mkutano wa mtaa, kwa sababu mabwawa ya kutibu majitaka yako Vingunguti yenyewe, tunayanusa, na ziko nyumba zilizounganishwa kwa mabomba membamba ya bei nafuu mpaka kule, huku nyumba za mtaa wa pili zinatapisha. Anataka waseme hadharani kwa nini yameishia pale yalipoishia. Ni hoja nzuri. Nimemwambia aiweke ya pili.

Baada ya Arusha nilihamia kiti cha Fundi. Nilitaka kuanza kwa maneno marefu. Nikasema tu, “Ile kazi ya mwaka juzi.”

“Naikumbuka, mama.”

“Mbona hukunisema?”

Alitazama nje muda. “Ningesema kwa nani? Katibu ni wewe.”

Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitarajia, kwamba anazo kichwani nyumba zote. Zilizoita gari, zilizoita yeye mchana, zilizoita yeye usiku. Mtaa mzima, miaka tisa. Nikamuuliza kama angekubali kuziandika. Akasema zake za usiku na yeye alikuwepo, kwa hiyo tukiandika tunaandika wawili, na faini akitozwa mwenye nyumba, yeye atatozwa nini? Hatukupata jibu mpaka Segera, na baada ya Segera alilala.

Jumapili: nyumbani

Nimefika usiku wa kuamkia leo. Asubuhi nimeoga, nimekwenda uani na mti wa mwanzi. Nimeutumbukiza chooni, nimeupima kwa mkono: imebaki kama dhiraa moja kufika juu. Masika bado wiki mbili, tatu.

Nikachora jedwali kwenye daftari jipya, safu zote za mama wa Mukuru na ile ya Fundi mwisho. Mstari wa kwanza nikaandika nyumba yangu. Vyumba sita. Watu kumi na tisa. Nilidhani kumi na tano, nikawahesabu tena. Choo, mlango mmoja. Mwenye nyumba, jina langu. Mara ya mwisho kuzolewa, Aprili, mwaka juzi. Ilikwenda wapi.

Mpangaji wa chumba cha nyuma alikuwa anaanika nguo, akasogea kuangalia. Mwalimu, anasoma haraka.

“Hapo mwisho hujajaza, mama mwenye nyumba.”

Nikajaza: mtaroni. Yeye ndiye aliyeniambia Mtaroni iwe kwa herufi kubwa kama wengine watakuja kuisoma, maana nimeandika kwa herufi ndogo sana.

Jioni niliwaita wote uani. Nikawaambia mambo ya mwaka juzi, kwa kifupi, na mmoja alikuwa anajua kumbe siku zote, harufu haina siri. Tumekubaliana gari lije Alhamisi na mpira mrefu. Nusu natoa mimi, nusu inagawanywa kwa vyumba. Yule wa chumba cha tatu amegoma, anasema amehamia mwezi uliopita na hajajaza kitu. Tumebishana saa nzima. Atalipa robo ya fungu lake, na anataka risiti ya gari ionyeshe limemwaga mabwawani.